Karanga, soya, ufuta, korosho: jinsi ya kumuanzishia mtoto kimoja kimoja na kukijua kinachomdhuru (mwongozo kamili)

Mimi nasaga na kuuza unga wa lishe hapa Morogoro, huu mwaka wa saba. Unga wangu wa zamani ulikuwa na vitu nane: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga, na nilikuwa najivunia nao kweli maana wateja walikuwa wanaupenda. Mtoto wangu wa pili alipofika miezi sita na nusu nikampikia uji wa unga huohuo, nikampa kama vijiko vitano, dakika kumi hazijaisha nikaona midomo inavimba, afu mabaka yameinuka kama ameumwa na siafu kuanzia shingoni mpaka tumboni, analia huku anajivuta masikio, kidogo akatapika uji wote. Nikamkimbiza zahanati, nikaambiwa ni joto na uji ulikuwa mzito, nikapewa panadol ya maji nikarudi nyumbani. Mungu alisaidia mabaka yakashuka yenyewe usiku ule.

Swali likabaki sasa, ni kipi kati ya vile nane? Kila mtu alisema karanga. Mama mkwe karanga, jirani karanga, hata mimi nikaamini ni karanga. Ilituchukua miezi minne na safari kadhaa za hospitali ya rufaa kujua kwamba ni ufuta, na hiyo miezi minne yote mtoto alinyimwa vyakula saba ambavyo havina kosa lolote, karanga ikiwemo. Ndo maana nasema na nitarudia: usianze na mchanganyiko. Anza na kimoja kimoja. Ukishajua mtoto anavipokea vyote ndo uchanganye utakavyo.

HATUA YA 1: Jua ni nini hasa kinachomletea mtu mzio

Ni protini. Sio mafuta ya karanga, sio wanga wa ngano, sio "uzito" wa chakula. Fikiria mbegu ilivyo: ndani yake kuna mche mdogo ambao siku ukiota hauna majani bado wala mizizi ya kutafutia chakula, kwa hiyo mmea mama umemwekea akiba. Hiyo akiba sehemu kubwa ni protini, na zimeumbwa ngumu ili zisiharibike mapema. Sasa ugumu huohuo ndo unatuponza, maana moto wa jikoni hauzimalizi, na asidi ya tumboni nayo inazivunja kwa shida, zinafika kwenye utumbo bado zina umbo lake. Karanga karibu robo ya uzito wake ni protini, na wataalamu wamezipa majina kutokana na jina la kisayansi la mmea, zinaitwa Ara h 1, Ara h 2 na kuendelea, hiyo Ara h 2 na mwenzake Ara h 6 ndo zinahusishwa zaidi na mizio mikali. Korosho ina Ana o 3, ufuta una Ses i 1. Ukija kuyaona kwenye karatasi ya majibu ya vipimo usishtuke, ndo hayo.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inaiona hiyo protini kama adui, inatengeneza askari wake anaitwa IgE, na hawa askari wanajipanga juu ya seli zilizoko kwenye ngozi, koo, mapafu na utumbo. Protini ikirudi tena wanainasa, seli zinamwaga histamini na kemikali nyingine, ndo unaona uvimbe, kuwasha, kutapika, kifua kubana. Kwa hiyo mtu anaweza akala leo salama na wiki ijayo akavimba, mara ya kwanza mwili ulikuwa unatengeneza askari tu.

Na jinsi ya kupika ina maana yake. Karanga za kukaanga zinachokoza zaidi kuliko za kuchemsha, kwa sababu moto mkavu unabadilisha protini zikazidi kushikika na IgE, wakati kuchemsha kunafanya nyingine zitoke ziingie kwenye maji. Ila naomba usinielewe vibaya, mtu mwenye mzio wa karanga hata za kuchemsha zinaweza kumdhuru, usimjaribie nyumbani.

Mafuta je? Mafuta ya karanga yaliyosafishwa kiwandani mpaka yakawa hayana rangi wala harufu, protini karibu yote imeondoka. Ila yale ya kukamua kienyeji, yale yenye harufu nzuri ya ufuta au karanga yenyewe, bado yana protini, kwa hiyo mwenye mzio akae nayo mbali.

HATUA YA 2: Tofautisha mzio na mambo yanayofanana na mzio

Hapa watu wengi tunakosea. Magimbi yakiwasha mdomo na koo sio mzio wa protini, ni vijisindano vidogo sana vya kemikali ya oxalate vilivyomo ndani ya gimbi, ukiyapika mpaka yaive sawasawa kuwasha kunapungua au kunaisha. Nanasi nalo lina kimeng'enya kinachochubua ulimi, ukila jingi kila mtu ulimi unauma (mzio wa kweli wa nanasi upo, ila huwezi kuujua kwa ulimi kuuma peke yake).

Maharage mekundu yasiyoiva, mtu anatapika na kuharisha ndani ya masaa machache. Hiyo ni sumu ya lektini iliyomo kwenye maharage mabichi na inampata yeyote atakayekula. Loweka, mwaga maji, chemsha kwa moto mkali. Usiyaweke kwenye chombo cha moto mdogo kuanzia mabichi mpaka mwisho, joto dogo haliiui hiyo sumu.

Wale wanaobangua korosho kule Mtwara na Lindi wanaungua vidole mpaka ngozi inakuwa nyeusi, ule ni utomvu wa ganda, una asidi kali, sio protini ya kokwa. Mtu anaweza kuunguzwa na ganda na bado akala korosho vizuri tu, na mwingine hajawahi kugusa ganda ila akila kokwa moja koo linabana.

Afu kuna sumukuvu. Karanga au mahindi yenye ukungu yanaumiza ini, mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya kijivu au chungu mdomoni itupe, usimpe hata kuku, na usiseme "mtoto ana aleji" kumbe karanga zilikuwa mbovu.

Mzio wa kweli wa IgE una tabia zake: unakuja haraka, dakika chache mpaka masaa mawili hivi baada ya kula, unarudi kila akila kitu kilekile, na kiasi kidogo kinatosha. Kuna aina nyingine ya watoto wadogo ambayo haina mabaka kabisa, mtoto anakula wali au uji wa shayiri, baada ya saa moja hadi nne anaanza kutapika mfululizo, anapauka, analegea kama kitambaa. Hiyo nayo ni mzio wa protini ila haipiti kwenye IgE, kipimo cha damu hakiioni, na wengi wanatibiwa kama wana maambukizi ya tumbo. Ikijirudia mara mbili kwa chakula kilekile mwambie daktari hivohivo, "ni mara ya pili, kila akila wali".

HATUA YA 3: Acha kuchelewesha

Bibi zetu na hata baadhi ya kliniki wanasema karanga mpaka mtoto afike miaka mitatu. Huo ushauri una historia. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri watoto wenye hatari ya aleji wasipewe karanga mpaka miaka 3. Ilivyofika 2008 wakauondoa kwa sababu hakukuwa na ushahidi kwamba unasaidia. Mwaka huohuo wakatoka watafiti waliolinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israel, asili moja, ila wa Uingereza asilimia 1.85 walikuwa na mzio wa karanga na wa Israel asilimia 0.17 tu. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba watoto wa Israel wanaanza kula vitafunwa vya karanga, vinaitwa Bamba, hata mwaka hawajafikisha.

Profesa Gideon Lack na wenzake wa London wakafanya jaribio lenyewe, likatoka 2015. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11, wote wana pumu kali ya ngozi (ukurutu) au mzio wa yai, yaani hawa ndo wale wa hatari kabisa. Kundi moja likala karanga mara kwa mara kila wiki, kundi jingine likakwepa mpaka miaka 5. Waliokwepa asilimia 17.2 wakapata mzio wa karanga, waliokula asilimia 3.2. Kwa hiyo ukimnyima ukidhani unamlinda, inawezekana ndo unamtengenezea.

Na wanaosema "aleji ni ya wazungu": Cape Town walipima watoto wadogo wa mjini kwa kuwalisha kabisa hospitali, asilimia 2.5 walikuwa na mzio wa chakula, huku vijijini Eastern Cape ilikuwa asilimia 0.5. Sisi tunaohamia mjini hatuna cha kutulinda kwenye hilo.

Kitu kimoja muhimu kuhusu ngozi. Protini ikiingia kwanza kupitia ngozi iliyochanika kabla haijapita mdomoni, mwili una tabia ya kuichukulia kama adui. Mtoto mwenye pumu ya ngozi usimpake mafuta ya karanga, ufuta wala lozi, hata kama ni ya asili na yanasifiwa vipi. Mpake vaseline ya kawaida, tena mpake sana ngozi isikauke. Mimi wa pili wangu nilikuwa namkanda kila jioni na mafuta ya ufuta ya kukamua, mashavu yake yamechubuka na ukurutu, sitaki kusema ndo sababu kwa asilimia mia ila nikikumbuka roho inaniuma.

HATUA YA 4: Soma hii kabla hujampa chochote

Ukiona mabaka machache tu au mdomo kuwasha na mtoto anacheza vizuri, acha chakula, mnawishe mikono na mdomo, mpe dawa ya aleji aliyokuandikia daktari kwa kipimo cha uzito wake, na umwangalie masaa yote yanayofuata.

Hatari ni hizi: sauti inabadilika au inakwaruza, anakohoa mfululizo, anapumua kwa filimbi, ulimi umevimba, anatapika tena na tena pamoja na mabaka, anapauka, analegea, anasinzia ghafla. Ukiona hata moja ya hizi, hiyo ni dharura, na dawa yake ni moja tu, adrenalini ya sindano kwenye msuli wa paja kwa nje. Piriton na cetirizine zinapunguza kuwasha, hazifungui koo. Maziwa, mkaa, kumtapisha, vyote vinapoteza muda.

Mlaze chali miguu ukiiinua kidogo. Akiwa anahangaika kupumua mwache akae, ila miguu iwe imenyooshwa, na akiwa anatapika mlaze ubavu. Usimbebe wima begani kama tunavyozoea na usimwache asimame, presha ikiwa imeshuka kumsimamisha ghafla kunaweza kumuua. Chukua bajaji, chukua bodaboda, chochote kilicho karibu, ukifika sema kwa sauti "mtoto amekula kitu ana mzio mkali, anashindwa kupumua", usikae foleni ya kadi. Adrenalini ni dawa ya siku nyingi, iko kwenye orodha ya dawa muhimu za WHO, kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, kwa mtoto wa kilo 10 ni mililita 0.1 ya ile ya 1 kwa 1000, na inarudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Nimeiandika ili uijue, sio ujichomee mwenyewe. Akipata nafuu bado abaki hospitali masaa kadhaa, maana mzio unaweza kurudi mara ya pili bila kula tena.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza jua zahanati ipi iliyo karibu ina adrenalini. Nenda uulize. Mimi niliuliza tatu, mbili walikuwa nayo, ya tatu waliniambia imeisha, basi nikajua pa kukimbilia.

HATUA YA 5: Siku ya kwanza ya karanga

Mtoto awe amefikisha miezi sita, anakaa kwa kuegemezwa, ameshazoea uji mwepesi wa nafaka moja au viazi. Kama ana pumu kali ya ngozi, au ameshawahi kuvimba kwa yai au kitu kingine, nenda kwa daktari kwanza, wengine inabidi wapewe karanga ya kwanza hospitali. Kama ni mtoto wa kawaida endelea nyumbani.

Chagua asubuhi, siku ya kazi, siku ambayo hana homa, hana mafua, hajachanjwa jana. Isiwe usiku, maana akilala huwezi kuona. Asiwe ameachwa na dada peke yake siku hiyo.

Chukua siagi ya karanga laini isiyo na sukari wala chumvi wala vipande, vijiko vidogo viwili vya chai vilivyosawazishwa. Ongeza maji ya moto vijiko viwili vitatu, koroga na uma, mwanzoni itajikunja kama imekataa, inakuwa nzito kama udongo wa kufinyanga, usikate tamaa, endelea kukoroga inalainika yenyewe inakuwa kama mtindi. Acha ipoe, ongeza maziwa yako ya kukamua au uji mwepesi aliouzoea. Kama unatengeneza mwenyewe chagua karanga moja moja, kaanga, pukuta maganda, saga kwenye blenda mpaka mafuta yatoke, zikiwa bado na chenga rudia. Karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinakaba, na siagi nzito kwa kijiko nayo inaganda kooni.

Mpe kiasi cha ncha ya kijiko. Kaa naye dakika kumi, angalia midomo, kidevu, masikio, tumbo. Kama hakuna kitu mpe kilichobaki polepole kwa mwendo wake mwenyewe. Afu kaa naye masaa mawili. Wekundu kidogo kuzunguka mdomo pale chakula kilipogusa, bila kuvimba, mara nyingi ni ngozi tu kuchokozwa, mfute na umpake vaseline kabla ya kula siku nyingine.

Akipita salama hujamaliza. Hapa ndo watu wanaharibu, wanampa mara moja wanasema "tumejaribu" wanaacha mwezi mzima. Karanga inabidi iendelee, mara tatu hivi kwa wiki, kiasi kilekile cha vijiko viwili. Ndivyo walivyofanya wale watoto wa London.

HATUA YA 6: Vingine vinavyofuata

Kila kipya kipe siku tatu peke yake kabla hujaleta kingine. Mpangilio wangu ninaowaambia wateja ni karanga, halafu soya iliyokaangwa ikaiva vizuri ikasagwa, halafu ufuta kijiko kidogo umesagwa laini, halafu korosho imesagwa, halafu ngano, halafu dengu na choroko. Nafaka kama ulezi, mtama na mahindi mara chache sana zinaleta shida ila nazo zipeleke kimoja kimoja. Haijalishi ukibadilisha mpangilio, kinachojalisha ni visipande gari moja siku moja.

Jua undugu wao pia. Korosho na pistachio ni ndugu wa karibu sana, mwenye mzio wa moja kwa kawaida ana mzio wa nyingine. Walnut na pecan vilevile. Karanga ni ya ukoo wa kunde, ila wengi wenye mzio wa karanga wanakula maharage, kunde na dengu bila tatizo, kwa hiyo usimfutie mtoto maharage yote kwa hofu. Walio karibu zaidi na karanga kwenye ukoo huo ni lupini, unga wake unatumika sana kwenye mikate ya Ulaya, na uwatu umeshawahi kuwaletea shida wenye mzio wa karanga, kwa hiyo akina mama wa pwani wanaokunywa uwatu baada ya kujifungua na wenyewe wana mzio wa karanga, muwe waangalifu.

Kwa wakubwa kuna mambo yake. Nesi anayewashwa na glovu za mpira anaweza kujikuta anawashwa pia na ndizi, parachichi au papai, protini zinafanana. Mdogo wangu yuko Ujerumani, kila masika akila tufaha bichi mdomo unamuwasha, akilipika haliwashi, ni chavua ya mti wa birch yenye protini inayofanana na ya tufaha, na hiyo ya tufaha inakufa kwa moto tofauti na ya karanga. Na kuna wanaokula chapati vizuri miaka yote, ila wakila chapati afu wakaenda kukimbia ndani ya masaa machache wanavimba mwili mzima, ni protini ya ngano inayosubiri mazoezi. Mtu kama huyo ampe daktari hadithi yote, chakula na mbio, asitaje kimoja.

HATUA YA 7: Mashine ya kusaga

Hii siioni ikisemwa popote na ndo iliyotupiga mara ya pili. Tulishajua ni ufuta, nimeutoa nyumbani kabisa, nikapeleka ulezi mtupu mashineni, nikarudi nikampikia, mabaka yakarudi. Nikaenda kumuuliza kijana wa mashine, akanifungulia. Ndani kule pembeni mwa chekeche kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mzito, unang'aa mafuta, nikauparua kwa kucha nikaunusa. Ufuta. Mteja aliyenitangulia alisaga lishe yenye ufuta, na mbegu zenye mafuta haziondoki kama mahindi, zinaganda, anayefuata ndo anazibeba.

Mwenye mzio fanya hivi: nenda asubuhi mashine inapoanza baada ya kufagiliwa, omba apitishe kwanza kilo mbili tatu za mahindi makavu ambayo hutampa mtoto, ndo usage yako. Hata hivyo inapunguza tu, haimalizi, kwa mwenye mzio mkali ni bora blenda yako mwenyewe au kinu na mchi vya nyumbani visivyotwangiwa hicho kitu. Mimi sasa nina mashine ndogo ya pili, haiingii karanga, ufuta, soya wala korosho, na kila mfuko wa unga nauandika kilichomo kwa jina moja moja na uliosagwa kwenye mashine ipi. Ukinunua lishe sokoni muulize muuzaji, akisema "humo kuna kila kitu" usimnunulie mtoto anayeanza kula.

HATUA YA 8: Daftari na vipimo

Akipata mzio andika siku hiyohiyo: alikula nini na kiasi gani, saa ngapi, dalili ya kwanza ilitokea baada ya dakika ngapi, iliisha saa ngapi, alipewa dawa gani. Piga picha mabaka kwa simu maana ukifika hospitali yameshashuka na hutaaminiwa. Mimi picha zile ndo zilimfanya daktari wa rufaa akae sawa kwenye kiti.

Kuna kipimo cha ngozi, wanaweka tone la dondoo la chakula mkononi wanachoma kidogo na kusubiri kama dakika 15. Usimpe dawa ya aleji siku kadhaa kabla, muulize daktari ngapi kwa dawa unayotumia, la sivyo jibu linatoka la uongo. Kuna kipimo cha damu cha IgE. Na kipo kipimo kikuu, kulishwa chakula chenyewe kidogokidogo hospitali na dawa ziko pembeni, na hicho ndo kinachotoa neno la mwisho.

Sasa angalia hapa, hii inatuhusu sana sisi wa ukanda wa kichocho. Ghana walipima watoto wa shule wakakuta wengi damu yao ina IgE ya karanga, ila wanakula karanga kila siku na hawavimbi, na walikuta hali hiyo inaendana na kichocho, maana mdudu wa kichocho ana sukari fulani mwilini mwake inayofanana na iliyoko kwenye protini za mimea, IgE inazikamata zote mbili. Kwa hiyo karatasi ya damu ikisema "karanga positivu" na mtoto wako anakula kashata bila shida, usimnyime karanga kwa sababu ya karatasi. Na vile vifurushi vinavyouzwa vya kupima vyakula mia kwa IgG okoa hela yako, IgG ni askari wa aina nyingine, inaonyesha tu kwamba mtu amewahi kula hicho chakula.

HATUA YA 9: Kuishi nao

Karanga na ufuta kwetu hazikai kwenye pakiti tu. Karanga iko kwenye mchicha, kisamvu, majani ya maboga, kashata, vitumbua vya wengine, mchuzi wa Uganda na wa Kongo. Ufuta uko kwenye mkate wa ufuta wa Zanzibar, kashata, biskuti. Korosho na lozi ziko kwenye halua, kwenye pilau za harusi, kwenye mchuzi mzito wa mahotelini. Uliza swali la moja kwa moja, "mmetia karanga?", usiulize "kuna kitu kibaya?". Kenya wakisema njugu wengi wana maana ya karanga, huku kwetu njugu ni njugumawe, na Uganda na Kenya ufuta ni simsim, kwa hiyo ukisafiri uliza kwa majina yote mawili. Kwenye pakiti za Kiingereza tafuta peanut, groundnut, arachis, sesame, tahini, soy, cashew, na usiishie kusoma mbele ya pakiti.

Kijiko cha kukorogea ni tatizo kubwa kuliko watu wanavyodhani, mpishi anatoka kwenye sufuria ya mchicha wa karanga anaingia kwenye ya maharage na kijiko kilekile. Kwenye shughuli mimi nampakulia wangu mapema kabla watu hawajaanza kuchota, au nabeba kontena lake.

Mwalimu ajue kwa maandishi, na karatasi ibandikwe karibu na anapokaa: jina, ana mzio wa nini, dalili, simu zako mbili, zahanati ya kukimbilia. Mtoto mwenye mzio wa karanga akipata utapiamlo mkali mwambie mhudumu mapema, maana chakula tiba kama Plumpy'Nut kimetengenezwa kwa siagi ya karanga na maziwa ya unga. Mama anayenyonyesha endelea kula karanga zako, usijinyime bila daktari kukuambia.

Na jaza pengo. Mtoto aliyetolewa karanga na soya kwenye uji anahitaji mafuta na protini kutoka kwingine: dagaa wa kusaga, yai, maharage yaliyopondwa yakachujwa maganda, tui la nazi, parachichi, maziwa. Mimi uji wake ulikuwa ulezi mtupu, tui na kijiko cha dagaa wa unga, na uzito kwenye kadi ya kliniki ulipanda vizuri.

Kila mwaka au miwili rudini mkapime upya. Mzio wa ngano na soya watoto wengi unaisha wakikua, wa karanga kama mmoja kati ya watano, wa ufuta hauko mbali na hapo, wa korosho ni wachache zaidi. Wangu sasa ana miaka minne, karanga anakula mpaka anaiba kwenye beseni la biashara, ufuta bado, mwezi wa nane tunarudi rufaa kumjaribu tena.